Futi kamba ya mita 60 ianzie wapi: kwa mvuvi au kwa mwenye ukuta?

Wadau wa Bagamoyo, hili tulijadili bila kuoneana haya. Kila masika, maji yakishaingia ndani, tunaambiwa neno lile lile: mmejenga ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hameni. Kweli, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya ukanda huo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inautaja kwenye ardhi hatarishi. Lakini tangu nizaliwe sijaona futi kamba ikianzia kwenye ukuta wa mwenye fedha, ambao mawimbi yanagonga msingi wake.

Mvua peke yake haituletei haya. Mto Ruvu unamwaga baharini hapa kaskazini mwa mji. Ukifurika siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, bahari hiyo inayazuia maji yasitoke, yanarudi nyuma kutafuta pa kukaa. Mikoko ndiyo ilikuwa ikiyapokea. Imekatwa boriti na kuni, kwingine imefyekwa kupisha mashamba ya chumvi. Waliofaidika hawalali bondeni. Anayechota maji chumbani kwa ndoo saa nane za usiku ni mama muuza samaki.

Msimamo wangu: tupewe viwanja kwanza ndipo tuhame, na viwe karibu na diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Mvuvi atawahije maji kupwa na kujaa akiwa kilomita 20 bara?

*Mchangiaji:*
Ndugu yangu, hapo sikuungi mkono. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotangazwa, mimi na wewe tulivuta ngalawa juu, tukawapeleka wazee msikitini. Safari ile kilipiga Mafia. Kingekuja kwetu je? Viwanja vinaweza kuchukua miaka kumi. Watu watoke sasa, madai yafuate.

*Mleta mada:*
Kaka, la Hidaya ni kweli tupu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema, na vijana wa diko wakapita nyumba kwa nyumba. Hakuna mzee aliyegoma kuondoka, maana kila mmoja alijua kesho atarudi kwake. Hiyo ni kujiokoa, na nitaifanya tena hata leo usiku. Ninachokataa ni kuondolewa moja kwa moja, mkono mtupu, huku mikoko ikiendelea kukatwa. Sasa nijibu hili tu: nyumba ya bibi yangu na ule ukuta vyote vimo ndani ya mita 60. Mbona alama nyekundu ya X, ile ya kubomolewa, iko kwa bibi peke yake?