LAN ya CS2 Mwanza: kila mtu aje na mashine yake au tukodi za pamoja?

Nyegezi_Stendi
Mwangaluka wakuu. Kuna wazo la LAN (watu wanakutana ukumbi mmoja, kompyuta zinaunganishwa kwa waya wanacheza) ya siku mbili hapa mjini Disemba, gemu ni CS2, yani Counter-Strike 2 ya kupigana risasi, timu 8 za watu watano watano, ukumbi tumeshaongea nao uko Kirumba. Kinachotugawa kwenye kamati ni kimoja tu, wengine wanataka kila mchezaji abebe mashine yake, wengine wanataka tukodi mashine 10 zinazofanana na mechi zote zichezwe hapo hapo zamu kwa zamu. Mimi niko upande wa kuja na mashine zetu maana kukodi kunapandisha kiingilio. Leteni maoni ila msitukanane.

Fundi Nyaya
10 zinazofanana, basi. Mwenye monita ya hezi 240 anapata picha mpya kila baada ya milisekunde 4 na kitu, mwenye laptopu ya hezi 60 anasubiri karibu 17, sasa hapo wakikutana kona moja unajua nani anakufa. Halafu kuna kuchiti. Mtu akija na mashine yake mwenyewe nani atakaa kuikagua ndani, ina programu gani, mausi yake ina skripti gani? Muda upo pia, timu 8 kwa mtoano wa kawaida ni mechi 7, mkimpa anayefungwa nafasi ya pili zinafika 14 au 15, kila mechi ramani moja, wa kwanza kushinda raundi 13, siku mbili zinatosha kabisa. Mashine 40 za nini?

Padi_Mbovu
Yote sawa lakini Kirumba tena? Upepo ukigeuka harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni inaingia mpaka kwenye kibodi. Mgeni toka Dar atadhani anachezea ndani ya tenga 😂😂

Mtoto wa Mwaloni
We Padi_Mbovu kwanza unaishi wapi? Hiyo harufu unayoichekea ndo imenilipia ada toka la kwanza mpaka chuo na ndo imenunua kadi ya picha ninayokupigia nayo kila wikiendi unakimbilia kusema laini imekata. Dagaa wa pale wanapakiwa kwenye malori wanaenda mpaka Kongo, watu wana nyumba za ghorofa, we umekaa na padi yenye stiki inayojiendea yenyewe unacheka kazi za watu.

Padi_Mbovu
Utani umeshakuwa kesi. Nimesema dagaa, sijasema mzee wako.

Mtoto wa Mwaloni
Umesema tenga.

Isamilo Juu
Hahaha nyie wote usiku mnakula ugali dagaa mchana mnaoneana aibu. Ila kweli Kirumba parking shida, pelekeni Malimbe karibu na chuo, wachezaji wenyewe wengi ni wanachuo.

Bajaji ya Igoma
Hapo ndo mnaponiudhi. Kila kitu Malimbe, kikitoka Malimbe ni Capri Point, sisi wa Igoma na Buhongwa kazi yetu ni kupanda magari mawili na CPU mapajani. Nani kawaambia wachezaji ni wanachuo? Njoo Igoma jioni uone vijana wanavyopanga foleni kwenye mabanda ya gemu.

Isamilo Juu
Mabanda ya PS kaka. Mpira. Tunaongelea CS hapa.

Bajaji ya Igoma
Kwahiyo anayecheza mpira sio mchezaji? Semeni wazi tu kwamba hii LAN ni ya watoto wa wenye hela tujue tuache kusoma.

Kibodi Nyekundu
Naomba niwarudishe kwenye umeme kabla hamjamaliza mitaa yote ya Ilemela na Nyamagana. Mashine moja ya gemu na monita yake weka wati 400. Mara 40 ni wati 16,000, gawanya kwa volti 230 unapata kama ampia 70. Plagi moja ya ukutani ni ampia 13, yani haifiki wati 3,000, ukiweka ekstensheni ya mashine 8 hapo umeshaizidishia mzigo. Na umeme ukikatika mnahitaji genereta ya kVA 20, yani kama wati 16,000 hizo hizo, ambayo yenyewe itakuwa inahema mwisho kabisa, hamjaweka spika wala feni wala mtu wa chipsi anayeomba achomeke friji. Mashine 10 ni wati 4,000, genereta ya kawaida inabeba na UPS (betri za kushikilia umeme ukikatika) zinapatikana. Ndo maana niko na Fundi.

Nyegezi_Stendi
Hoja nzito hiyo kaka, nimeichukua.

Kibodi Nyekundu
Mimi sio kaka.

Nyegezi_Stendi
Samahani mkuu.

Kibodi Nyekundu
Wala mkuu. Dada inatosha, haiumi.

Padi_Mbovu
Dada mwenyewe anacheza au anapiga hesabu tu?

Kibodi Nyekundu
Nakusubiri Disemba. Lete hiyo padi.

Mzaramo Mstaafu
Niko Dar nawasoma tu. Kwanini msicheze mtandaoni jamani, zama hizi mnakodi ukumbi, mnabeba monita, mnagombana habari za samaki, wakati kila mtu angekaa kwake na bando lake?

Fundi Nyaya
Kwasababu seva za Valve, wenye gemu lao, zilizo karibu nasi ziko Johannesburg na Dubai mzee. Toka Mwanza mpaka Johannesburg hata ungevuta waya ulionyooka kama rula ni kilomita kama 2,700, mwanga ndani ya faiba unakimbia kilomita laki mbili kwa sekunde, kwenda na kurudi tu ni milisekunde 27, na waya haujanyooka, unashuka kwanza pwani kwenu huko ndo uingie baharini. Ukumbini na swichi ya kawaida ya mtandao na seva yetu wenyewe pingi, yani huo muda wa kwenda na kurudi, ni milisekunde 1 au 2. Akikupiga amekupiga, hamna cha bando.

Mzaramo Mstaafu
Nyie watu wa kanda ya ziwa mkielezwa jambo dogo mnaleta fizikia.

Mtoto wa Mwaloni
Na nyie wa pwani mkishindwa hoja mnaleta kabila.

Mzaramo Mstaafu
Kabila liko wapi hapo kijana? Kanda ya ziwa ni kabila? Soma vizuri.

(Hapa zilipita komenti nyingi za nani mshamba na nani kaiga nani, mwenye muda azisome mwenyewe.)

Isamilo Juu
Turudi. Wenzetu huko Ujerumani ile LAN kubwa ya DreamHack ilianza na watu kubeba kompyuta zao wakalala nazo sakafuni, sasa hivi ni tamasha la dunia. Raha ya LAN ni kubeba mashine yako. Ukikodi 10 jukwaani, wengine 30 wanakaa kama wako kituo cha afya wanasubiri kuitwa.

Fundi Nyaya
DreamHack ni ya Uswidi, ilianzia shuleni mji unaitwa Malung miaka ya 90. Na hata huko ukumbi wa watu kulala na mashine zao ni kitu kimoja, jukwaa la mashindano ya pesa ni kitu kingine, mashine za jukwaani anaweka mwandaaji. Narudia, hakuna aliyenijibu kuhusu kuchiti.

Isamilo Juu
Uswidi, Ujerumani, kote baridi. Hoja yangu imesimama.

Fundi Nyaya
Haijasimama hata kidogo. Mimi nimewahi kuvuta nyaya kwenye shughuli ya mashine za kuja nazo. Kijana mmoja alichomeka ruta yake ya nyumbani kwenye swichi apate waifai ya simu, ruta ikaanza kugawa anwani zake za mtandao kwa kila mtu, nusu ya ukumbi ikapotea kwenye seva. Tumehangaika tukaipata. Baada ya chakula mwingine kaona ncha ya waya inaning'inia, kwa moyo safi kabisa kairudisha kwenye swichi ile ile ilikotoka, mtandao mzima ukaanza kujizungusha wenyewe mpaka ukazima. Na asubuhi yake ilikuwa ni apdeti, kila mtu ana toleo lake la gemu, waliochelewa ku-apdeti seva inawakataa, wanaanza kuvuta magiga kwa bando la simu wakati timu pinzani imekaa inawaangalia. Siku hizi angalau tangu 2023 Steam, ile programu tunayopakulia gemu, inaruhusu mashine moja kuipa nyingine gemu kupitia LAN, lakini lazima mtu akumbuke kuliwasha hilo. Kwa mashine 10 napita nazo usiku mmoja, naweka toleo moja, nalala.

Kagera Mgeni
Jamani na sisi wa Bukoba mtufikirie. Mkisema kila mtu abebe mashine yake, timu yetu inapanda meli usiku na CPU tano na monita tano, tunafika bandarini Mwanza asubuhi hatujalala, ukishusha mzigo kuna mtu wa toroli, kuna mtu anakwambia kioo hicho hakina kibali, sijui nani kamtuma. Mashine za kukodi tunakuja na mausi na hedifoni tu. Wa Nansio nao hivyo hivyo, waulizeni.

Bajaji ya Igoma
Kwani mmealikwa? Kichwa cha mada kinasema Mwanza.

Kagera Mgeni
Ziwa ni lenu peke yenu?

Nyegezi_Stendi
Bukoba, Musoma, Geita karibuni wote, tusitie mpaka. Basi nimesoma yote, naona wengi mnataka za kukodi. Nimepiga hesabu ya haraka, kila mchezaji atoe 20,000, watu 40 ni laki nane, hapo itoke mashine, ukumbi na genereta, zawadi tutatafuta mdhamini.

Bajaji ya Igoma
Tumefika sasa. Zawadi "tutatafuta mdhamini". Mimi nimeshachezea mashindano ya hivyo hapa hapa mjini, mshindi alipewa fulana na namba ya simu ya kupiga jumatatu, mpaka leo haipokelewi. Laki nane anashika nani?

Nyegezi_Stendi
Mimi ndo mratibu, zitapita kwangu.

Bajaji ya Igoma
Ndo hapo nilipokuwa nauliza toka mwanzo.

Isamilo Juu
Hukuuliza hilo mwanzo we, ulikuwa unalalamikia Malimbe.

Bajaji ya Igoma
Mashine zije na wenyewe, zikodishwe, mimi sawa tu. Nataka jina la mtu wa pili atakayekuwa anasaini pamoja na wewe, na asiwe shemeji yako.

Nyegezi_Stendi
Mtu wa pili ni Fundi Nyaya.

Fundi Nyaya
Nani kakubali?