Tupeane uzoefu: mliofiwa na kaka au mtoto, nyumbani kwenu jina lake mnalitaja?

Wadau habari za wakati huu. Naandika nikiwa Kibosho, nimekuja kukaa na mama kidogo. Mdogo wetu, kitinda mimba, alifariki mwaka jana kwa kuugua, tukamzika hapahapa kihambani, shamba letu la ukoo, pembeni ya babu, tanga likaisha watu wakatawanyika, wa Arusha Arusha, wa Dar Dar. Sasa kuna kitu kinanisumbua. Tangu siku ile sisi watoto kama tulikubaliana, bila hata kikao, kwamba mbele ya mama tusimtaje. Tunaogopa kumuumiza. Hata picha yake ya sebuleni niliitoa mimi mwenyewe nikaipeleka chumbani.

Dogo alikua mgumu, wale wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, anapanda na mzigo wa wageni kilo 20 kichwani ukiacha begi lake, njia ya Machame siku sita saba alafu anashukia geti la Mweka ambalo sio mbali na kwetu, basi watoto wa dada wakisikia anko kashuka wanamkimbilia hadi barabarani maana hakosi chokoleti za kwenye lanchi boksi, yeye hali, anawatunzia wao. Na mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo akiwa hana safari jumapili yeye ndo alikua anampeleka kanisani, kwenye kile kilima cha njiani anamshika mkono anamwambia "pole pole mama, hapa ndo Barafu, kileleni tunafika asubuhi". Barafu ndo kambi ya mwisho kabla ya kilele. Mama alikua anacheka mpaka inabidi asimame apumzike.

Jumapili hii nimempeleka mimi. Kimya njia nzima. Tulipofika kwenye kona akasimama, akaniangalia, akasema "na wewe huna la kusema?" Nikajifanya sijaelewa. Tangu siku hiyo usingizi hauji vizuri. Mliopitia hili mlifanyaje?

Mdau wa Sakina, Arusha:
Pole sana ndugu yangu. Kaka yangu alikua anauza viatu vya mtumba Kilombero sokoni. Mwaka wa kwanza laini yake niliitunza, naweka vocha isifungwe, nikimkumbuka napiga tu niisikie ikiita kabatini. Alafu nikajisahau miezi mingi, siku nimepiga kapokea kijana, namba kashapewa mtu mwingine. Nikakata nikalia ndani ya daladala watu wananiangalia. Yule kijana akanipigia, nikamweleza, akanyamaza kidogo akauliza "alikua anaitwa nani?" Nilipotaja ndo nikashtuka, yaani jina la kaka yangu nilikua sijalitamka kwa sauti karibu mwaka mzima jamani. Rudisha picha sebuleni leo leo.

Mzee wa Marangu:
Mwanangu, mimi ni baba wa aliyetangulia. Kwa utaratibu ilikuwa anizike yeye. Baada ya msiba watu walikuja kunizungumzisha mvua na bei ya kahawa, wakiamini wananisaidia. Mtoto nimemwita kwa jina lake miaka 34, leo nikae kama hakuzaliwa? Kuna migomba ya mishare, ndizi za kupika, alipanda nyuma ya nyumba akiwa likizo. Mkungu wa kwanza baada ya kumzika, mama yao alikataa usiende sokoni, tukapika mtori, supu ya ndizi na nyama, tukaita wajukuu wote, kila mmoja akasema anachokumbuka kwa anko wake, wa mwisho ana miaka minne akasema "alikuwa ananibeba". Mama yao alilia sana siku ile, na alikula pia, kabla ya hapo chakula kilikuwa hakimpiti. Machipukizi ya ule mgomba nimewagawia, kila mtoto anatunza lake. Kaburini tumepanda masale, mmea wa heshima kwetu Wachaga. Mtaje kwa mama yako.

Mpwa, Moshi mjini:
Mi naongea upande wa watoto. Mjomba ndo alinifundisha baiskeli. Alipofariki kila nikimtaja wakubwa wananiambia nyamaza bibi atasikia, nikawa najiona nimefanya kosa. Msiwafanyie hivyo hao wa dada yako. Na kama nguo zake zipo wapeni hata moja moja, mimi jaketi lake linanipwaya na navaa hivyo hivyo.

Mwanzisha mada:
Nimewasoma wote, mzee shikamoo na asante sana. Picha niliirudisha ijumaa. Mama hakusema neno, aliifuta vumbi na kanga yake akaendelea kuchambua maharage. Leo tukiwa njiani kwenda misa, pale kwenye kona nikajikaza nikamwambia "mama, hapa ndo Barafu", sauti ikanikatikia. Akanishika mkono akasema "mwenzako alikuwa anaanza pale chini kwenye mfereji, wewe umechelewa". Alafu akaanza kunisimulia mambo ya dogo ambayo sijawahi kuyasikia, anasimama anasimulia, tunatembea, anasimama tena, tumefika misa imeshafika kwenye mahubiri.