Nimemchukua mtoto wa mbwa juzi tu, leo yuko kwenye dripu ana parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa. Nimrudishe kwa aliyeniuzia au nipambane?

nuru_k
Jamani habari zenu, ni saa nane usiku na usingizi sina. Nilichukua mtoto wa mbwa jike wa wiki 9 kwa mtu anayezalisha mbwa, nilimsubiri tangu mama yake ana mimba, nilikuwa natumiwa picha kila wiki, yaani mi na wanangu tulishampa jina hata macho hajafungua. Siku mbili za kwanza anacheza, anang'ata kamba za viatu, analala juu ya miguu yangu. Siku ya 4 asubuhi hakugusa chakula nikasema labda kamkumbuka mama yake. Jioni akatapika povu la njano, usiku akaharisha damu, na ile harufu jamani ukishaisikia mara moja basi. Kulipokucha nikakimbia nae kwa daktari wa mifugo, wakachukua kinyesi kidogo wakapima, dakika kumi hazikuisha wakaniambia parvo. Leo siku ya pili yuko kwenye dripu, chembe nyeupe za damu zimeshuka sana na daktari hajaniahidi kitu.

Nikampigia aliyeniuzia. Anasema mbwa alitoka kwake mzima, chanjo alishapigwa, kwahiyo ugonjwa kaupatia kwangu, ila kama nataka nimrudishe nikachague mwingine wa uzao ule ule. Nilikata simu nikalia. Hapa nyumbani nako naambiwa nang'ang'ania kitu cha kufa, bili inapanda kila siku, na mdogo wangu wa mwisho ananiuliza kila saa kama ameshapona. Naombeni mnisaidie, ni kweli kaupatia kwangu? Nimrudishe? Na mliopitia hili mlivukaje, maana mi najiona nimemuua kwa kuchelewa ile siku moja.

mtembezi09
Pole sana dada. Ntakwambia ukweli wangu japo sio habari njema, wa kwangu hakupona. Alikuwa dume wa wiki 11, alipambana siku tano, kutapika kukakatika kabisa tukaanza kufurahi, afu ghafla tumbo likawa gumu, kumbe utumbo ulijiingiza ndani ya utumbo, daktari alisema huwa inatokea kwa hawa watoto wakiharisha sana. Akanieleza upasuaji ungekuwaje na mwili wake ulivyokuwa umeisha, nikaamua alazwe usingizi asiteseke. Nilimshika mwenyewe mpaka mwisho.

Kwahiyo kuhusu ile siku moja ngoja nikwambie. Mi nilimpeleka wangu saa ile ile aliyotapika mara ya kwanza, sikuchelewa hata nusu saa, na bado. Wewe uliona mbwa mgeni hali siku yake ya 4 kwenye nyumba mpya, nani angewaza parvo? Mtoto akihama anaweza kususa chakula hata akiwa mzima. Usijibebeshe hilo.

Halafu watoto waambie ukweli kwa maneno yao. Mi niliwadanganya wangu kuwa amerudi kwa mama yake, wiki nzima wakawa wananiuliza tunaenda lini kumsalimia, hicho ndio kitu pekee ninachojutia mpaka leo. Sema "anaumwa sana, daktari anamsaidia, hatujui bado". Wanaweza kulibeba hilo kuliko tunavyodhani.

nesi_wa_wanyama
Pole mama. Nafanya kazi kliniki ya wanyama na hawa wa parvo nimekesha nao wengi, nakujibu nikiwa zamu.

Virusi hivi vikishaingia mwilini mara nyingi vinakaa kimya siku 3 mpaka 7, wakati mwingine hata 14, ndio mbwa anaanza kuumwa. Wa kwako kaanza siku ya 4. Siwezi kuapa, maana virusi vinasafiri hata kwenye soli ya kiatu, ila uwezekano mkubwa aliingia mlangoni kwako akiwa navyo tayari au alivipata siku ile ile ya kuhama. Huyo aliyekuuzia kukukatalia moja kwa moja hivyo sio haki.

Kinachotokea ndani ni hivi, virusi vinaenda kwenye chembe zinazozaliana haraka, yaani utando wa ndani wa utumbo na uboho wa mifupa. Ndio maana anaharisha damu na chembe nyeupe zinaporomoka kwa pamoja, ukuta wa utumbo umechubuka, bakteria wanavuka kuingia kwenye damu, na askari wa kuwazuia hawapo. Kwahiyo dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki, sukari na potasiamu, kumpa joto, vyote hivyo ni kumshikilia asianguke mpaka mwili wake wenyewe utengeneze askari wapya. Marekani 2023 walitoa kibali cha masharti kwa sindano ya kingamwili inayokishika kirusi chenyewe, muulize daktari wako kama wanaipata, ila hata bila hiyo, wanaolazwa na kuangaliwa vizuri 80 mpaka 90 katika kila 100 wanapona. Wasiotibiwa wengi wanakufa. Siku 3 au 4 za kwanza ndio ngumu, akizivuka matumaini yanakuwa makubwa. Muulize daktari kila asubuhi kama chembe nyeupe zimeanza kupanda, hiyo namba itakwambia mengi kuliko sura yake.

Kuhusu bili naomba usione aibu, mwambie daktari leo hii kiasi ulichonacho. Watu wanakaa kimya, pesa zinaisha katikati ya matibabu, ndio tunaanza kulia wote. Upo utaratibu wa mgonjwa wa nje, chuo kikuu cha Colorado State University kule Marekani waliujaribu kwa mbwa 40, wote wakaanza na dripu, afu nusu wakabaki wamelazwa na nusu wakapewa maji ya chini ya ngozi na sindano. Waliolazwa walipona 18 kati ya 20, wale wengine 16 kati ya 20. Sio sawa kabisa lakini ni mbali sana na kukata tamaa. Ila ufanyike na daktari akiusimamia, na tafadhali usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu.

Kumrudisha sasa hivi hapana kabisa. Kumchomoa dripu na kumsafirisha ni kummaliza. Na huyo mwingine wa uzao ule ule usimlete nyumbani, kwanza anaweza kuwa anacho, pili kwako sasa hivi kuna virusi vinavyoweza kukaa miezi, hata mwaka.

mzee_wa_banda
Binti yangu pole. Mimi nazalisha mbwa miaka mingi, na banda langu liliwahi kuingiwa na parvo nikazika watoto watatu wiki moja, kwahiyo siongei kwa kusikia.

Hilo la "alishachanjwa" nikufafanulie. Mtoto anapata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama, na kinga hiyo hiyo ndiyo inaizima chanjo. Inaisha pole pole, huyu wiki ya 8, ndugu yake wiki ya 12, uzao mmoja huo. Katikati hapo kuna kipindi kibaya ambacho kinga ya mama imepungua haizuii ugonjwa tena lakini bado inatosha kuiharibu chanjo. Ndio maana tunaanza wiki ya 6 au 8 na kurudia kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Mbwa wa wiki 9 mwenye sindano moja bado yuko wazi, na aliyekuuzia alipaswa kukwambia hivyo siku unamchukua.

Mwombe daktari akuandikie ripoti yenye tarehe na matokeo ya kipimo, tunza kadi ya chanjo na risiti, halafu mtumie kwa maandishi, usimpigie. Mdai achangie matibabu, mfugaji anayejiheshimu hata hatasubiri adaiwe. Lakini la muhimu zaidi kwangu mimi, mwambie awaangalie waliobaki na awapigie wote waliochukua ndugu zake. Mimi niliwapigia wateja wangu wote siku ile, wawili walinitukana, ila mmoja aliwahi kwa daktari na mbwa wake ni mzee sasa hivi.

nuru_k
Asanteni, nimesoma huku nalia. Leo siku ya 5 yuko kwenye dripu. Nilifuata ushauri wa mzee, nikatuma ripoti kwa maandishi, kimya siku nzima, usiku akajibu kuwa ndugu zake wawili nao wameanza kutapika na anauliza nilimpeleka kwa daktari gani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana nae nikajikuta namwelekeza tu. Amesema atachangia, tutaona.

Jana ndio ilikuwa mbaya kuliko zote, alikuwa hata kichwa hanyanyui, nilishamuaga kabisa moyoni. Leo asubuhi chembe nyeupe zimepanda kidogo na amelamba chakula laini kwenye kidole cha daktari, vidole viwili vitatu tu, na hakukitapika. Wanangu nimewaambia vile mtembezi09 alivyosema, mdogo akanyamaza akaenda kumchorea picha, tumeibandika kwenye kizimba chake kule kliniki.

nesi naomba kuuliza, akiruhusiwa nyumba niiandaeje? Na ile kamba yake ya kuchezea nikiichemsha inatosha?

nesi_wa_wanyama
Nimefurahi sana mama! Toa uchafu wote kwanza kwa maji na sabuni, afu blichi sehemu 1 kwa maji sehemu 30, acha dakika 10 ndio usuuze. Akirudi asikutane na mbwa wengine wala asitoke nje ya uzio kwa angalau wiki 2 maana bado atakuwa anatoa virusi kwenye kinyesi. Chakula laini kidogo kidogo mara nyingi. Kamba itupe, mnunulie nyingine.