Sabuni ya ketokonazoli: aiache mwilini dakika ngapi?

MamaTudor
Assalaam aleikum wadau. Kijana wangu wa miaka 16 ana mabaka meupe kifuani na mgongoni. Ukiyakwaruza kwa ukucha yatoa ungaunga, na yawasha akitoka jasho. Duka la dawa wamempa sabuni ya kipande yenye dawa ya fangasi, ketokonazoli 2%, lakini pakiti haina maelezo ya kueleweka. Aiache mwilini kwa muda gani, na kwa siku ngapi? Mafuta ya nazi aendelee kujipaka? Mdogo wake wa miaka 6 naye ana mapunye kichwani, je, aoge sabuni hiyo hiyo?

FamasiaKisauni
Waaleikum salaam dada. Huo ungaunga ndio unaosema mengi. Yaelekea ni Malassezia, fangasi anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na huzidi pakiwa na joto na jasho. Kijana hakuambukizwa na mtu, wala si mchafu.

Aoge jioni. Atangulize maji matupu kuondoa jasho na mafuta, kisha afikiche sabuni viganjani mpaka povu liwe zito. Apake povu lenyewe: shingoni, kifuani, mgongo wote mpaka mikono ya juu, hata palipo safi kwa macho, maana fangasi huwa ameenea kupita mabaka yanavyoonyesha. Mgongoni apakwe na mtu mwengine. Akae nalo dakika 5 akitazama saa, ajisuuze vizuri, ajikaushe kwa taulo lake peke yake. Mara moja kwa siku, siku 5. Povu lisiingie machoni.

Kipimo hicho ni cha shampuu ya ketokonazoli 2%, ambayo hupakwa mwilini vivyo hivyo. Kwa sabuni ya kipande ni vigumu kujua dawa kiasi gani imeshika ngozi, kwa hivyo ukiweza kuipata shampuu, mimi ningekushauri hiyo.

Wengi hukosea kwa kusuuza papo hapo, dawa ikaenda na maji. Wengine hulala na povu likaukie mwilini. Sabuni za kipande nyingi zina alkali. Ngozi hukauka, huwaka na kupasuka, kisha mtu akadhani ugonjwa ndio unatoka.

Majengo_Juu
Angalia na maji, mama. Kwa maji ya kisima yenye chumvi povu halishiki, sabuni hugeuka utando. Tafuta ndoo moja ya maji baridi yasiyo chumvi kwa hizo siku 5. Dodoki aliweke kando. Na kipande kikae kwenye kisahani chenye matundu, kikilala majini chayeyuka bure.

MamaTudor
Shukran sana. Akimaliza siku 5 na mabaka bado ni meupe, arudie?

FamasiaKisauni
Asirudie kwa sababu ya rangi. Akwaruze: kama hakuna ungaunga, fangasi amekwisha, na rangi yarudi polepole kwa wiki hata miezi. Ungaunga ukiwa bado upo, aende akwanguliwe magamba yapimwe maabara. Mafuta ya nazi ayaache kwa sasa, maana Malassezia hula mafuta. Na kwa kuwa hurudi sana, Kaskazi ikikaribia aoge shampuu hiyo siku 3 mfululizo, basi. Isiwe sabuni yake ya kila siku.

MuuguziLikoni
Mapunye ni jambo jengine. Fangasi huyo amezama ndani ya unywele mpaka shinani, na sabuni hufika juu tu. Mtoto ahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au tabinafini, kwa kipimo cha uzito wake. Griseofulvini huchukua wiki 6 hadi 8 na hunywewa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauinyonyi vizuri. Shampuu mara 2 kwa wiki itapunguza maambukizi kwa wenzake. Vitana na kofia visishirikiwe. Ukipewa vidonge vya ketokonazoli, usikubali: huweza kuumiza ini, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza viache kutumika kutibu fangasi.

Kibokoni_77
Naongeza kuhusu zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kama njugu. Soma tyubu. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza mwasho isiyoua fangasi. Kuwasha kutatulia haraka huku fangasi akitambaa, choa ipoteze duara lake hata daktari asiitambue, na mapajani ibaki michirizi isiyofutika. Mwenye choa ya duara atumie klotrimazoli 1% tupu, mara 2 kwa siku, kuvuka ukingo kwa sentimita 2, wiki 2 hadi 4, asiache siku kuwasha kunapokoma. Sabuni yoyote yenye zebaki, hata ikiitwa ya dawa, iacheni dukani. Yaharibu figo.

MuuguziLikoni
Dada, jambo moja la leo leo. Kijana afumbe macho, umguse kila baka kwa ncha ya pamba. Kama kuna baka asilohisi, acheni sabuni mwende hospitali ya Makadara, maana ukoma nao huanza kwa baka lililopauka lenye ganzi, na matibabu yake ni bure. Na huyo mdogo usimpake chochote kichwani kabla ya kliniki, kwa sababu dawa ya juu yaweza kuficha fangasi kwenye kipimo.