Hizi tovuti zinachunguliana?

*Shangazi:* Hamjambo wanangu. Jana usiku nimesoma habari za presha kwenye tovuti ya afya. Leo nafungua tovuti ya habari, matangazo ya mashine za kupima presha yamejaa! Wanaonana hawa?

*Juma:* Shikamoo shangazi. Zenyewe kwa zenyewe hazionani. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kinazitenga, tangu enzi za kivinjari cha Netscape, 1995.

*Shangazi:* Marahaba. Mbona wamejua sasa?

*Juma:* Kuna mtu wa tatu. Tovuti zote mbili zimepachika msimbo wa kampuni ileile ya matangazo. Ulipofungua ile ya afya, kampuni ikaacha kidakuzi (cookie), kijifaili chenye namba, kwenye simu yako. Ulipofungua ya habari ikaiona namba ileile. Jina lako si lazima walijue.

*Shangazi:* Ugonjwa wangu jamani, na sijamwambia mtu 😔

*Juma:* Hilo ndilo linaloniuma. Afya ya mtu si bidhaa.

*Rehema:* Na ule mtihani wangu wa usaili? Nilifungua kichupo (tab) kingine tu, ukaandika "umeondoka kwenye ukurasa".

*Juma:* Ukurasa unaweza kujua kwamba umefichwa. Ulikokwenda hauoni. Ila kama walikusakinishia kiendelezi (extension), programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, angalia ruhusa zake. Ikiwemo ya kusoma data yako kwenye tovuti zote, hicho kinaona kweli.

*Rehema:* Kipo. Nakitoa sasa hivi.

*Mjomba:* Mimi natumia hali fiche (incognito), sina wasiwasi.

*Juma:* Mjomba, hiyo inafuta historia kwenye simu yako tu. Mtoa huduma wa intaneti bado anaona tovuti unazoingia. Na ukiingia kwenye akaunti yako, umeshajitambulisha mwenyewe.

*Mjomba:* Kumbe! Miaka yote hii.

*Shangazi:* Nifanyeje basi?

*Juma:* Kivinjari cha Safari kinazuia vidakuzi hivyo chenyewe tangu 2020. Firefox tangu 2022 inaweka vidakuzi vya kila tovuti kwenye kapu lake. Google waliahidi kuviondoa kwenye Chrome, mwaka 2024 wakaghairi. Kwa hiyo kwenye Chrome zuia mwenyewe.

*Rehema:* Ukizuia ndiyo basi, hawakupati?

*Juma:* Wanapungua. Wengine wanakutambua kwa ukubwa wa skrini, fonti, toleo la kivinjari, vikikusanywa pamoja. Na ukijisajili kwa barua pepe ileile kila mahali, wanaoanisha tu.

*Shangazi:* Nimefika kwenye mipangilio, faragha. Naona "Zuia vidakuzi vya washirika wengine". Nibonyeze?

*Juma:* Bonyeza, hao ndio yule mtu wa tatu. Tovuti ikigoma, iruhusu hiyo moja tu.

*Shangazi:* Tayari. Mjomba wenu naye nimnyang'anye simu nimwekee 🙏