TPS ya Marekani (ulinzi wa muda kwa raia wa nchi zenye vita au maafa) ikiongezwa muda, aliyeingia baadaye naye anahesabiwa?

msafiri77: Habari za jioni wakuu. Marekani ikitangaza kwamba TPS ya nchi fulani imeongezwa miezi 18, mtu wa nchi hiyo aliyewasili mwaka jana anaruhusiwa kuomba? Mtaani kila mmoja ana jibu lake, na watu wanalipa ada bila kujua kama wanastahili.

karatasi_safi: Kuongezwa muda peke yake hakumsaidii. Kunawafaa walio nayo tayari. Tarehe ya kuwa umeshaingia nchini haisogei. Husogea pale Marekani inapoiteua upya nchi hiyo kwa TPS. Chukua Haiti: baada ya tetemeko la 12 Januari 2010, waliostahili ni waliokuwa wakiishi Marekani tangu siku ile. Aliyefika Machi akakosa, mpaka uteuzi mpya wa 2011 uliposogeza tarehe hadi 12 Januari 2011.

Fungua tangazo lenyewe kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya Marekani, usisome vichwa vya habari. Humo mna tarehe mbili: ya kuanza kuishi Marekani mfululizo, na ya kuwepo nchini mfululizo. Zote mbili zikutimie.

mtafsiri_fomu: Naongezea upande wa ushahidi, maana wengi hunasa hapo. Fomu ni I-821, pamoja na I-765 kwa kibali cha kazi. Pasipoti inathibitisha uraia tu, haisemi umeishi wapi. Panga risiti za kodi ya nyumba, bili za umeme, hati za mshahara, kadi ya kliniki ya mtoto, mwezi kwa mwezi. Ukiacha pengo la miezi minne, tegemea barua ya kudai ushahidi zaidi. Cheti cha Kisomali au Kiarabu kitafsiriwe chote, hadi maneno ya kwenye muhuri, na mtafsiri atie saini kwamba anazimudu lugha zote mbili. Aliyetiwa hatiani Marekani kwa kosa moja kubwa la jinai au mawili madogo asitume kitu kabla ya kuonana na wakili.

msafiri77: Shukrani sana. Na aliyekosa tarehe?

karatasi_safi: Kama ana hofu ya kweli ya kurudi kwao, aombe hifadhi kwa fomu I-589 ndani ya mwaka mmoja tangu aingie. Hili awahi, mkuu. Mwenye TPS akichelewa anaweza kusamehewa, kwa kuwa alikuwa na hadhi halali. Anayekaa bila hadhi yoyote akingoja tangazo jipya, kungoja huko si udhuru. Na TPS yenyewe, kwa sheria ya 1990, hutolewa kwa miezi 6 hadi 18 na haizai grinikadi. Warundi waliipata 1997, ikafutwa 2009, na asiyekuwa na hadhi nyingine akarudi pale alipokuwa kabla ya kuipata.