Enninful na Vogue: Waafrika tumepata nini?

Katubuka: Wadau, natupa mada. Edward Enninful kazaliwa Ghana, kahamia London na wazazi, mama yake mshonaji. Ana miaka 18 tu, tayari mkurugenzi wa mitindo wa jarida la i-D. Mwaka 2017 akawa mhariri mkuu wa jarida la mitindo la Vogue ya Uingereza, mweusi wa kwanza. Mimi nasema katufungulia mlango.

Mzee wa Ujiji: Mlango wa nani? Jarida la Wazungu, matangazo ya Wazungu. Mafundi wetu hapa Mwanga, Kigoma, hata hawamjui, kazi yao kukopi mishono ya Wakongo.

Fundi Gungu: Shikamoo mzee wangu. Hilo la kukopi limenichoma. Mteja akileta kitenge cha maua makubwa, nakilaza mezani nakigeuza mpaka nusu mbili za ua zikutane kwenye zipu ya mgongoni. Ukikata ovyo ua linavunjika, gauni limeharibika. Hiyo nimemkopi nani?

Mzee wa Ujiji: Marahaba. Sijasema hujui kushona. Boti za Kongo zisipotia nanga Kibirizi, mnashona nini?

Dada Bangwe: Mzee, basi na Wakongo wamekopi. Vitenge vya waksi Waholanzi waliviiga kwenye batiki za Java. Vlisco, kampuni inayochapa vitenge hivyo, iko Uholanzi tangu 1846.

Katubuka: Jamani, Enninful! Jalada lake la kwanza alimweka mwanamitindo Adwoa Aboah, damu ya Ghana. Na Julai 2008 Vogue ya Italia ilipojaza wanamitindo weusi, yeye alikuwa mmoja wa waliowavalisha. Toleo likaisha, wakachapa tena.

Mzee wa Ujiji: Mhariri wa hilo toleo alikuwa Franca Sozzani, Mwitaliano. Umejijibu mwenyewe.

Fundi Gungu: Mzee, mimi bado hujanijibu. Mtoto wa mshonaji kakaa kiti kile, wewe unatuita wakopi. Suti yako ya Idi alishona Mkongo?

Mzee wa Ujiji: Mavazi yangu yaache, kijana. Heshima.

Fundi Gungu: Heshima nimekupa tangu salamu. Na kazi yangu nayo uiheshimu.

Dada Bangwe: Kaka fundi, gauni la hivyo, ua likutane mgongoni, na bitana ndani, unachukua muda gani?

Fundi Gungu: Wiki moja, dada. Ila ongeza kitambaa, maua makubwa yanakula sana.

Katubuka: Mada yangu imeenda wapi?